Pi haina skrini na anwani yake haijulikani: fuata dalili kabla ya kuskani

Umeandika mfumo kwenye kadi, umeichomeka kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, umewasha umeme. Skrini hakuna, kibodi hakuna. Ili uingie kwa SSH (njia ya kuiongoza kwa amri kupitia mtandao) unahitaji anwani ya IP, na anwani hiyo ungeisoma kirahisi kama ungekuwa umeshaingia. Hapo wengi hukimbilia kuskani mtandao mzima, wanaskani tena, kisha wanaandika kadi upya, na usiku unakwisha.

Kuskani kunasaidia pale tu ambapo anwani ipo. Pi haiji na anwani kutoka dukani, huomba. Ikishawaka na kusoma kadi, inaingia kwenye mtandao, inaomba, na ruta inaigawia kwa DHCP, utaratibu wa kugawa anwani kiotomatiki. Ikikwama katika hatua yoyote kati ya hizo, hakuna cha kutafuta, hata uwe na programu nzuri kiasi gani. Kwa hiyo nenda kwa mpangilio huohuo: umeme, kadi, mtandao, anwani, halafu SSH. Haya yote nimeyaandika nikiwa na Raspberry Pi OS akilini, lakini kompyuta ndogo nyingine zinazotumia Linux hazitofautiani sana.

Taa ya kijani haichezi

Pi 3 na 4 zina taa mbili: nyekundu ya umeme, na ya kijani inayochezacheza kadi inaposomwa. Zero ina ya kijani peke yake, na Pi 5 ina moja inayobadilika rangi. Ukiona nyekundu imetulia na kijani imekufa kabisa, Pi haijaona mfumo. Zima, toa kadi, isukume tena hadi mwisho. Ikigoma, badilisha kadi. Kijani ikimweka kwa mpangilio unaojirudia, hesabu. Mara 4 kisha kimya maana yake ni kwamba faili ya kuanzishia, start.elf au mwenzake, haikupatikana. Mara 7 ni kerneli, kiini cha mfumo, iliyokosekana. Kote kuwili rudi kwenye kadi, uiandike upya.

Usiidharau chaja. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3, Pi 3 ampea 2.5, na Pi 5 imetengenezewa chaja ya ampea 5. Chaja ya simu yenye waya mwembamba mrefu inaweza kuiwasha vizuri kabisa, halafu volti zikashuka redio ya waifai inapoanza kazi. Kwenye Pi 3 na 4 taa nyekundu huzimika au kupepesa volti zikishuka chini ya takriban 4.63. Dalili yake kwenye ruta inachanganya: kifaa kinatokea kwenye orodha, kinapotea, kinatokea tena. Watu huilaumu waifai kumbe Pi inajizima na kujiwasha.

Kumbuka pia kwamba kuwaka kwa mara ya kwanza kunachukua muda. Mfumo unapanua sehemu yake ijae kadi nzima, unatengeneza funguo za SSH, unajiwasha upya. Ipe dakika kadhaa. Zero ya kwanza ipe zaidi. Kuchomoa umeme katikati ya kazi hiyo ni njia ya uhakika ya kuharibu kadi.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kuliko kukodolea taa macho. Kabla ya kuwasha, weka faili tupu yenye jina `ssh` kwenye sehemu ya kadi inayoonekana hata kwenye Windows, ile inayoitwa bootfs. Mfumo ukiwaka hadi mwisho huisoma, huwasha SSH, kisha huifuta. Sasa iache Pi iwake kwa muda wa kutosha, izime, rudisha kadi kwenye laptopu. Faili imetoweka? Mfumo uliwaka sawasawa, tatizo lako liko kwenye mtandao. Bado ipo? Acha kabisa habari za anwani, shughulika na kadi na umeme.

Imewaka, lakini ruta haiioni

Chukua waya wa mtandao uchomeke Pi moja kwa moja kwenye ruta. Najua lengo lako ni waifai, lakini waya hauna nenosiri, hauna masafa, hauna msimbo wa nchi; unaondoa sababu nyingi kwa mpigo. Taa ndogo kwenye tundu la waya ziwake. Zisipowaka, badilisha waya au tundu.

Kisha fungua ukurasa wa ruta. Kama hujui anwani yake, usikisie: kwenye Windows andika `ipconfig` utazame mstari wa Default Gateway; kwenye Linux andika `ip route` usome namba inayofuata neno `default via`. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na MiFi nyingi za Huawei hutumia 192.168.8.1. Ndani tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa au ya DHCP. Pi hujitambulisha kwa jina ulilolipa, au `raspberrypi` kama hukulibadilisha. Ruta nyingine haziandiki jina, zinaonyesha MAC tu, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe. Hapo angalia mwanzo wa MAC: b8:27:eb kwa Pi za zamani hadi 3, dc:a6:32 na e4:5f:01 kwa nyingi za 4, na d8:3a:dd, 28:cd:c1 au 2c:cf:67 kwenye za karibuni.

Angalizo: orodha ya ruta hubaki na vifaa vilivyozimwa zamani. Jina `raspberrypi` unaloliona linaweza kuwa la wiki iliyopita. Zima Pi, piga `ping` kwenye anwani hiyo. Ikiendelea kujibu, hicho ni kifaa kingine.

Ikiwa kwa waya inaonekana na kwa waifai haionekani, umeshapunguza kazi. Sababu ninayokutana nayo kuliko zote ni maelekezo yaliyopitwa na wakati. Kwa miaka mingi watu walifundishwa kuweka faili ya `wpa_supplicant.conf` kwenye bootfs, na ilifanya kazi. Kuanzia toleo la Bookworm, Oktoba 2023, mfumo ulihamia NetworkManager, programu nyingine ya kusimamia mtandao, na faili hiyo ukiiweka haisomwi. Haitoi kosa lolote, haikuambii kitu. Pi inawaka bila waifai basi. Maelekezo ya zamani bado yamejaa mtandaoni, na mengi hayana tarehe. Njia ya sasa ni kujaza mipangilio ndani ya Raspberry Pi Imager, programu ya kuandikia kadi, kabla ya kuandika kadi: jina la kifaa, mtumiaji na nenosiri, jina la waifai na nenosiri lake, nchi, na kuruhusu SSH. Ukishaipita hatua hiyo bila kujaza, ni rahisi zaidi kuandika kadi upya kuliko kuhangaika na faili kwa mkono.

Nchi si pambo. Redio ya waifai hubaki imefungwa mpaka mfumo ujue upo nchi gani, kwa sababu kila nchi ina chaneli zake zilizoruhusiwa. Weka TZ, KE, UG, CD, popote ulipo.

Masafa nayo. Pi 3B, Zero W na Zero 2 W zinashika GHz 2.4 pekee, 5 hazioni kabisa. Ruta ikiwa imewekwa kwenye 5 tu, Pi itakaa hapo kama mgeni asiyesikia hodi. 3B+, 4 na 5 zinashika yote mawili. Mwisho kwenye hili, jina la waifai hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na nafasi tupu mwishoni mwa jina huhesabiwa.

Mtandao ni hotspoti ya simu

Hii ndiyo hali ya wengi wetu: hakuna ruta, kuna simu na bando. Inawezekana kabisa, ila kuna mambo yake.

Simu nyingi za Android huonyesha vifaa vilivyojiunga kwenye ukurasa wa hotspoti, nyingine pamoja na anwani. Zamani ungeweza kubahatisha kwamba anwani itaanza na 192.168.43, lakini Android za karibuni hubadilisha namba hizo, kwa hiyo angalia laptopu iliyojiunga na hotspoti hiyohiyo imepewa nini, uskani kundi hilo. iPhone hutumia 172.20.10, na anwani za vifaa ni kuanzia 2 hadi 14 tu; hata ukijaribu moja moja kwa mkono utamaliza kabla chai haijapoa. Kuanzia iPhone 12 hotspoti inaweza kuwa kwenye GHz 5, na Zero haitaiona mpaka uwashe kitufe cha Maximize Compatibility.

Kama huna laptopu karibu, simu ya Android inayotoa hotspoti inatosha. Yenyewe ndiyo lango la mtandao huo, hivyo inaifikia Pi moja kwa moja. Sakinisha Termux, programu ya kuandikia amri za Linux kwenye simu, kisha:

```
pkg install nmap openssh
```

Utaskani kwa nmap na kuingia kwa SSH kutoka simu hiyohiyo. Programu za dukani zinazoorodhesha vifaa vya mtandao nazo zinafaa, ila kwenye Android mpya haziruhusiwi kusoma MAC za wengine, kwa hiyo usishangae orodha ikija bila majina.

Na usichukue namba unayopewa na tovuti za "anwani yangu ya IP ni ipi". Hiyo ni ya nje, ya kampuni ya simu, na kwa kawaida inatumiwa na wateja wengi kwa pamoja. Anwani unayoitafuta huanza na 10, 192.168, au 172.16 hadi 172.31.

raspberrypi.local haijibu

Jina la `.local` ndilo linalookoa muda kuliko yote: unapiga `ping raspberrypi.local` na anwani inakuja yenyewe, bila kugusa ruta. Linafanya kazi kwa mDNS; laptopu inauliza kwa sauti kwenye mtandao wa ndani, nani anaitwa hivi, na Pi inajibu. Lisipojibu usihitimishe kwamba Pi haipo. Angalia kwanza kama ulilibadilisha jina kwenye Imager. Ukaliita `bustani`, basi ni `bustani.local`. Angalia pia kama VPN imewashwa kwenye laptopu, maana nyingi huyameza maswali haya. Pi mbili zenye jina moja zikiwa mtandao mmoja, ya pili hujipa `raspberrypi-2.local`. Kwenye Windows jibu likija kama mlolongo mrefu unaoanza na fe80, hiyo ni anwani ya IPv6. Andika `ping -4 raspberrypi.local` upate ile fupi.

Ruta si yako: ofisini, chuoni, hostelini

Hapa ndipo nmap inapofaa. Tazama laptopu yako imepewa anwani gani. Ikiwa ni 192.168.1.37, kwa kawaida kundi lote ni:

```
sudo nmap -sn 192.168.1.0/24
```

Usisahau `sudo`, bila hiyo hutaona MAC wala jina la mtengenezaji. Kama vifaa ni vingi na huna hakika, skani Pi ikiwa imezimwa, skani tena ikiwa imewaka, linganisha. Anwani iliyoongezeka ndiyo unayoitaka. Na kwa kuwa mtandao si wako, mwambie mtu wa IT kabla. Kuskani mtandao wa ofisi bila taarifa kunaweza kukuletea maneno yasiyo na sababu.

Matokeo yakirudi na kifaa kimoja au viwili tu, laptopu yako na ruta, mahali ambapo unajua kuna watu ishirini, huenda waifai imewekwa kutenganisha wateja wake. Waifai za wageni karibu zote ziko hivyo. Pi ina anwani, ina intaneti, lakini nyinyi wawili mmezuiwa kuonana, na hakuna amri ya kulipita hilo. Tumia hotspoti ya simu au waya.

Kuna na hali ya ruta mbili. Nyumba ina MiFi, halafu mtu akaongeza ruta yake nyuma yake ili kusambaza waifai. Laptopu iko kwenye MiFi na 192.168.8.x, Pi iko kwenye ruta ya pili na 192.168.1.x. Kutoka juu huoni walio chini. Hamisha laptopu kwenye ruta ileile ya Pi, uanze tena.

Waya mmoja tu kati ya laptopu na Pi

Huna ruta, umeunganisha vifaa viwili moja kwa moja. Waya wa kawaida unatosha, hauhitaji ule wa kuvuka (crossover). Tatizo ni kwamba hakuna wa kugawa anwani. Mifumo ya Pi ya kabla ya Bookworm ilikuwa ikikosa DHCP inajipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254, na `.local` ilikuwa ikifanya kazi. NetworkManager kwa mipangilio yake ya kawaida haifanyi hivyo, ndiyo maana mbinu ya zamani ya waya mmoja siku hizi inawakatalia watu.

Suluhisho ni kuifanya laptopu igawe anwani. Kwenye Windows ruhusu waifai ishirikiane na tundu la waya, na Pi itapata anwani ya 192.168.137. Kwenye Linux weka muunganisho wa waya kuwa wa kushirikisha wengine, itapata 10.42.0. Kisha `arp -a` kwenye Windows au `ip neigh` kwenye Linux itakuonyesha jirani mmoja tu, huyo huyo unayemtafuta.

Ukitaka kujua kama Pi inaongea kabisa, sikiliza waya. Kwenye laptopu ya Linux (eth0 ni jina la tundu la waya; weka la laptopu yako kama ni jingine):

```
sudo tcpdump -n -i eth0 port 67 or port 68 or arp
```

Washa Pi usubiri. Ikifika kwenye hatua ya mtandao utaona mstari kama huu:

```
IP 0.0.0.0.68 > 255.255.255.255.67: BOOTP/DHCP, Request from b8:27:eb:4c:19:a2, length 300
```

Huo mstari una habari nyingi. Upande wa kushoto, 0.0.0.0, ni Pi ikisema haina anwani. Upande wa kulia inapiga kelele kwa kila mtu. MAC inathibitisha ni yenyewe. Ukiuona ukijirudia bila jibu chini yake, Pi ni nzima, kadi ni nzima, waya ni mzima; kinachokosekana ni wa kugawa anwani. Usipouona kabisa baada ya dakika kadhaa, mfumo haujawaka, au umepangiwa anwani isiyobadilika. Kwa hilo la pili mstari wa ARP, ujumbe wa kuulizana nani ana anwani gani, utakuambia: Pi itakuwa ikijitangaza au ikiulizia lango lake, na anwani yake itakuwa imo humohumo. Mtu akikupa Pi iliyowahi kutumika mahali pengine, hii ndiyo njia.

Badala yake waweza kupiga ping kwa wote kwa IPv6, ambayo haihitaji DHCP:

```
ping -6 -c 3 ff02::1%eth0
```

Wanaojibu ni laptopu yako na Pi. Chukua ile fe80 isiyo yako, uingie nayo: `ssh mtumiaji@fe80::...%eth0`, ukiikamilisha namba. Mwisho wake, `%eth0`, ni lazima; bila huo laptopu haijui itoke kwa tundu lipi.

Kimya kila mahali

Faili ya `ssh` ilifutika, waya uko kimya, waifai haionekani. Bakia na nyaya tatu. Kigeuzi cha USB kwenda serial cha volti 3.3 (cha 5 kitaunguza pini), na kwenye `config.txt` ongeza `enable_uart=1`. Ardhi kwenye pini ya 6, kupokea kwa kigeuzi kwenye pini ya 8, kutuma kwake kwenye pini ya 10. Waya mwekundu wa umeme uache ukining'inia kama Pi ina chaja yake. Fungua kwa `screen /dev/ttyUSB0 115200` au PuTTY kwa kasi hiyohiyo, na utaona mfumo ukiwaka mstari kwa mstari hadi ikuombe jina la mtumiaji. Ukiingia, `hostname -I`. Pi 5 ina tundu lake dogo la pini tatu kwa kazi hii, kati ya matundu mawili ya HDMI.

Anwani ninayo, SSH inakataa

Soma neno inalokuambia. `Connection refused` ni habari njema kwa kiasi fulani: kifaa kipo na kimejibu, ila SSH imezimwa. Imekuwa imezimwa tangu mwishoni mwa 2016. Weka ile faili ya `ssh` kwenye bootfs. `Connection timed out` au `No route to host` maana yake umekosea anwani au mko mitandao tofauti, rudi juu. `Permission denied` ni jina au nenosiri, na hapa watu bado wanajaribu `pi` na `raspberry`. Mtumiaji huyo hakuwekwa tena kwenye mfumo tangu Aprili 2022. Kama hukutengeneza mtumiaji kwenye Imager, hakuna wa kuingia naye.

Onyo refu lenye herufi kubwa, `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED`, kwa kawaida ni kwa sababu uliandika kadi upya, au ruta imempa Pi anwani iliyokuwa ya kifaa kingine. Ukiwa na hakika na hilo, `ssh-keygen -R` ikifuatiwa na anwani hiyo inaondoa ufunguo wa zamani.

Jana iliingia, leo anwani imebadilika

DHCP inakodisha, haitoi bure milele. Ingia kwenye ruta ufunge anwani moja kwa MAC ya Pi. Hilo ni bora kuliko kuandika anwani isiyobadilika ndani ya Pi, kwa sababu siku ukiihamisha kwenda mtandao mwingine haitabaki imeng'ang'ania namba isiyo na maana huko.

Kama Pi yako inahama sana, leo shuleni kesho kwenye shamba, mwachie ujumbe mtu atakayeitoa kadi. Fungua `sudo crontab -e` uongeze:

```
@reboot sleep 60; hostname -I > /boot/firmware/anwani.txt
```

Kwenye mifumo ya kabla ya Bookworm njia ni `/boot/anwani.txt`. Kila ikiwaka inaandika anwani zake pale ambapo Windows yoyote inaweza kusoma. Subiri dakika moja na ziada kabla ya kuizima. Ukikuta faili iko tupu, Pi iliwaka lakini haikupewa anwani.